BATI DEL WAMBARA NA MATEKA WAWILI
Somo kwa wanafunzi wa madrasa na kwa kila apendaye elimu ya tarehe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ewe ndugu msomaji, nawe dada msomaji, jua ya kuwa watoto wetu wafunzwapo khabari za vita vya Uhud, vya mwaka wa 3 wa Hijra, hulisikia jina la Nusaiba binti Kaab, aitwaye Umm Umara. Alitoka na kiriba cha maji kuwanywesha majeruhi, na mambo yalipogeuka akashika upanga akasimama kumkinga Mtume, akarudi na majeraha mwilini. Khabari hiyo ni maarufu, wala haina haja ya kurefushwa hapa. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao ya kuwa katika Afrika yetu hii ya Mashariki alikuwako mwanamke Mwislamu, kijana, mwana wa amiri na mke wa imamu, aliyefuatana na majeshi milimani miaka na miaka, na jeshi lilipovunjika akaliongoza sazo lake mpaka nyumbani. Jina lake ni Bati Del Wambara. Bati ni lakabu ya heshima ya wanawake wa nyumba za kifalme. Na katika lugha ya Kiamhari, dil ni ushindi na wanbar ni kiti.

Somo hili tumelikusudia kwa jambo moja katika maisha yake, nalo ni jambo la mateka. Hapa Ujiji neno mateka si geni. Katika karne ya 19 misafara ilivuka Ziwa kutoka Manyema, ikapumzika katika mji huu, kisha ikashika njia ya Tabora mpaka Bagamoyo, na wengi waliokuwamo hawakuja kwa hiari yao. Baadhi ya wazee waliotuzaa ni wana wa watu wale. Kwa hiyo isomwapo khabari ya mtu aliyeshikwa vitani, na aliyemshika akamtendea hivi au vile, sisi tunayo haki ya kuisikiliza zaidi kuliko wengine.

1. NCHI NA ZAMA ZAKE

Katika pembe ya Afrika ulikuwako usultani wa Kiislamu ulioitwa Adal. Bandari yake ilikuwa Zeila, na tangu mwaka 1520 makao ya sultani yalikuwa mji wa Harar. Nyuma yake, katika milima mirefu, ulikuwako ufalme wa Kikristo wa Habasha. Hawa wawili walikuwa majirani. Biashara iliwaunganisha, na vita viliwatenga. Kila mmoja alimvamia mwenziwe kwa zamu, akachukua ng'ombe na watu.

Wala msomaji asisahau ya kuwa Habasha ndiyo nchi waliyokimbilia Waislamu wa kwanza kutoka Makka, mnamo mwaka 615, na mfalme wake Mkristo akakataa kuwatoa mikononi mwa maadui zao. Deni hilo la wema lilikuwa la zamani sana, na katika vita tutakavyovisimulia pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kulisahau.

2. DEL WAMBARA NI NANI

Baba yake alikuwa Amiri Mahfudh, mtawala wa Zeila, mtu wa vita aliyeishambulia Habasha mara nyingi. Mwaka 1517 Mahfudh aliuawa katika mapigano na jeshi la Mfalme Lebna Dengel. Binti akabaki na msiba wa baba aliyekufa vitani.

Akaolewa na kijana aliyeitwa Ahmad bin Ibrahim, aliyezaliwa mnamo mwaka 1506. Ahmad huyu ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Imamu Ahmad al-Ghazi, na Wahabeshi wakamwita Gragn, yaani mwenye kutumia mkono wa kushoto. Hakuwa sultani; usultani ulikuwa wa nyumba nyingine. Lakini nguvu za nchi na utii wa askari vilikuwa kwake.

Mwezi wa Machi mwaka 1529, sawa na mwaka 935 wa Hijra, Imamu Ahmad alikutana na jeshi kubwa la Lebna Dengel mahali paitwapo Shimbra Kure, akalishinda. Mwaka 1531 akaingia ndani ya Habasha kwa nia ya kukaa, na vita vile havikwisha ila baada ya miaka 12.

3. MWANAMKE KATIKA JESHI

Mwandishi wa vita hivi kwa upande wa Waislamu ni Shihabuddin Ahmad, aliyeitwa Arab Faqih, ambaye kitabu chake cha Kiarabu kinaitwa Futuh al-Habasha. Katika kitabu hicho Del Wambara ametajwa zaidi ya mara moja.

Alipoazimu kufuatana na mumewe, askari walinung'unika. Waliona ya kuwa mwanamke katika safari ya vita ni mzigo na ni hatari. Imamu hakuwasikiliza, na yeye Del Wambara hakurudi. Akaenda nao mpaka milima ya Tigray, kaskazini kabisa. Ile ni milima isiyopitika kwa farasi katika sehemu nyingi; njia zake ni genge juu na genge chini. Palikuwa na mahali ambapo askari wale wale walimchukua mabegani kumpandisha na kumteremsha, naye alikuwa mja mzito. Alizaa mara mbili katika safari ile: mwaka 1531 alimzaa Muhammad, na mwaka 1533 akamzaa Ahmad.

Zingatia hapo, ewe msomaji. Wako wanawake wanaosifiwa kwa upanga, na sifa yao ni haki yao. Huyu jambo lake la kwanza lilikuwa uvumilivu. Miaka kumi na zaidi alilala katika hema, akalea watoto wawili katika mtikisiko wa majeshi, na waliomnung'unikia mwanzoni ndio waliokuja kumtii mwishoni, kama utakavyoona.

Wala haifai kuficha ya kuwa vita vile vilikuwa vikali mno. Makanisa yalichomwa moto pamoja na vitabu vyake, vijiji vikaachwa ukiwa, na watu wengi wakatiwa utumwani. Wanaotaka kujifunza tarehe wajifunze yote, mazuri na maovu, kwa kuwa anayesoma nusu hapati fundisho.

4. MATEKA WA KWANZA

Mwaka 1539 jeshi la Imamu lilimkamata Minas, mwana wa Mfalme Lebna Dengel. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe akafa mkimbizi katika milima, na mwanawe mwingine, Galawdewos, akashika ufalme uliokuwa karibu hauna nchi.

Desturi ya vita vya zama zile ilikuwa kumhasi kijana mwanamume aliyetekwa na kumfanya mtumwa. Minas hakutendewa hivyo. Alihifadhiwa, akakaa kwa heshima. James Bruce, msafiri wa Scotland aliyefika Habasha mwaka 1769 na kukusanya khabari za wafalme wake, ameandika ya kuwa huruma ile ilitokana na Del Wambara.

Tazama basi hali ilivyokuwa. Mwanamke huyu baba yake aliuawa na jeshi la Lebna Dengel, na sasa mwana wa Lebna Dengel yu mikononi mwao, hana silaha. Kama angaliitaka damu yake, nani angalimzuia? Naye aliacha.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Katika Sura Muhammad, aya ya 4, mateka wametajiwa mambo mawili baada ya vita: kuachiwa kwa hisani, au kuachiwa kwa fidia. Katika Sura al-Insan wamesifiwa watu wema ambao humlisha maskini na yatima na mateka, hali wao wenyewe wakikipenda chakula hicho. Na baada ya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka waliojua kuandika, nao hawana mali, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Maadui wa jana walikuwa waalimu wa watoto wetu.

5. SIKU YA WAYNA DAGA

Mwaka 1541 Wareno wapatao 400, wenye bunduki, walishuka katika pwani ya Bahari ya Sham kuisaidia Habasha. Mkuu wao alikuwa Cristóvão da Gama, mwana wa yule Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Imamu naye akaomba msaada kwa Waturuki waliokuwa wakitawala Zabid katika Yaman, akaletewa askari wa bunduki na mizinga. Ili kuupata msaada huo alipeleka zawadi nyingi mno, na miongoni mwa zawadi hizo akamtoa Minas.

Mwezi wa Agosti mwaka 1542 Wareno walishindwa, na Cristóvão da Gama akashikwa, akakatwa kichwa. Imamu akadhani mambo yamekwisha. Akawarudisha Waturuki wengi kwao, akabaki na 200 tu. Galawdewos akakusanya watu wake pamoja na sazo la Wareno. Tarehe 21 Februari mwaka 1543, sawa na mwaka 949 wa Hijra, wakakutana mahali paitwapo Wayna Daga, mashariki ya Ziwa Tana. Risasi ya bunduki ikampata Imamu Ahmad, akafa. Jeshi lilipoona imamu wao ameanguka lilivunjika, kila mtu akashika njia yake.

Miguel de Castanhoso, Mreno aliyekuwa katika vita vile, ameandika ya kuwa katika wale Waturuki 200 walisalimika 40 tu, nao walikimbilia kwa mke wa Imamu. Waturuki hawa walikuwa askari wa ugenini. Wangaliweza kukimbilia pwani, au kujisalimisha. Walikwenda kwa Del Wambara kwa sababu katika siku ile hapakuwa na mkuu mwingine.

Naye hakukaa kulia. Akawachukua hao, pamoja na wapanda farasi wa ulinzi wa mumewe, akaondoka nao. Akapita upande wa kaskazini na magharibi ya Ziwa Tana, ndani ya nchi iliyowageukia, mpaka akafika Harar. Na katika mwendo wote huo alibeba misiba miwili: mumewe amekufa, na mwanawe Muhammad, mtoto wa miaka 12 hivi, ametekwa.

6. MATEKA WA PILI

Sasa mizani imegeuka. Mtoto wa Imamu yu mikononi mwa Galawdewos, na ndugu yake Galawdewos yuko Yaman, ng'ambo ya bahari, alikopelekwa kama zawadi.

Galawdewos hakumuua mtoto. Alimweka, akamtaka ndugu yake. Del Wambara akafanya shauri la kubadilishana: Minas arudishwe kutoka Zabid, na Muhammad arudishwe kwa mama yake. Jambo hili halikuwa jepesi, kwani ilikuwa lazima kumtoa Minas kwa wakubwa wa Yaman, ambao walikwisha kumpokea. Lakini lilitimia. Minas akavuka Bahari ya Sham akarudi kwao, na Muhammad akarudi Harar.

Je, kama Minas angalikuwa amekwisha kuuawa, mama yule angalitoa nini? Nchi zote zilizotekwa kwa miaka 12 zimerudi kwa wenyewe, na Waturuki 40 hawamshindi mfalme. Katika kila kilichopatikana kwa upanga, hakuna kilichoweza kumrudisha mtoto. Kilichomrudisha ni uhai wa adui mmoja uliohifadhiwa alipokuwa dhaifu.

7. KISASI NA MWISHO WAKE

Lau khabari ingalikoma hapo, ingalikuwa tamu. Lakini tarehe haikuandikwa kwa kupenda kwetu.

Del Wambara hakumsamehe aliyemwua mumewe. Miaka ilipita, naye akaolewa na Nur bin Mujahid, mwana wa dada yake Imamu Ahmad, aliyekuwa amiri wa Harar, naye akajiandaa kulipa kisasi. Nur ndiye aliyeuzungushia Harar ukuta wa mawe unaoitwa Jugol, ambao mwaka 1559 ulikuwa haja ya mji, na mwaka 2006 UNESCO iliutia mji ule katika urithi wa ulimwengu.

Mwezi wa Machi mwaka 1559, sawa na mwaka 966 wa Hijra, Nur alipigana na Galawdewos, akamwua, na kichwa chake kikaletwa Harar. Azma ikatimia. Lakini angalia kilichofuata. Wakati huo huo jeshi jingine la Wahabeshi, mkuu wake Hamalmal, lilikuwa limeishambulia nchi ya Harar, na Sultani Barakat akauawa. Naye alikuwa wa mwisho katika ile nyumba ya masultani. Kisha Waoromo wakaingia kwa nguvu katika nchi ambayo watu wake wamekwisha kwa vita vya miaka 30. Njaa ikaushika mji, kisha tauni ikaja juu ya njaa. Mnamo mwaka 1567 Nur mwenyewe akafa kwa maradhi hayo.

Na huko Habasha, Galawdewos alipokufa, nani alikaa katika kiti chake? Ni Minas, yule yule mateka. Alitawala tangu 1559 mpaka 1563. Kichwa kilichotundikwa Harar hakikuuondoa ufalme ule, kilimpisha ndugu.

8. MFANO KUTOKA UFARANSA

Huenda msomaji amesikia khabari za Jeanne d'Arc, msichana wa Ufaransa aliyezaliwa mnamo mwaka 1412, ambaye Wakristo Wakatoliki humheshimu sana. Yeye pia alikuwa kijana wa dini, akatoka na askari. Mwaka 1429 aliuokoa mji wa Orléans uliokuwa umezingirwa na Waingereza, na mwaka huo huo mfalme wake, Charles VII, akatawazwa. Mwezi wa Mei mwaka 1430 alitekwa. Waliomteka wakamwuza kwa Waingereza kwa fedha 10,000 za zama zile, na tarehe 30 Mei mwaka 1431 akachomwa moto katika mji wa Rouen, umri wake kama miaka 19.

Mfalme aliyepata taji kwa ajili yake hakumkomboa. Baadaye, mwaka 1456, hukumu ile ilitanguliwa, na mwaka 1920 kanisa lake likamtangaza kuwa mtakatifu. Heshima yote hiyo ilimfikia baada ya kuwa majivu. Tumemtaja ili upime: upande mmoja mfalme mwenye hazina alimwacha mateka wake afe; upande mwingine mjane aliyeshindwa alitafuta njia mpaka akampata wake.

9. MAFUNDISHO YA SOMO HILI

Kwanza. Tusiseme mwanamke hafai kwa shauri la watu wote. Askari walinung'unika Del Wambara alipoondoka Harar, na wenziwao wakamkimbilia Wayna Daga.

Pili. Ushujaa una namna nyingi. Kupanda genge na mimba ni ushujaa, kukusanya watu siku ya kushindwa ni ushujaa, na kuzuia mkono usimdhuru aliye chini yako ni ushujaa mkubwa kuliko yote, maana hakuna anayekulazimisha.

Tatu. Mtu mmoja aweza kuwa na huruma leo na kisasi kesho. Del Wambara ni mmoja. Aliyemhifadhi Minas ndiye aliyeitaka damu ya Galawdewos. Tunamheshimu kwa la kwanza, na kwa la pili tunachukua onyo. Lile la kwanza lilimrudishia mwana. Lile la pili lilimletea kichwa cha mtu, na nyuma yake njaa.

Nne. Sisi watu wa Ujiji hatuna mateka wa vita leo. Lakini kila mtu anaye aliye chini ya mkono wake: yatima aliyelelewa nyumbani, mtumishi wa jikoni, mwenye deni asiyeweza kulipa, na mgeni aliyevuka Ziwa kutoka Kongo au aliyekuja kutoka Burundi akiwa hana kitu ila roho yake. Kambi ya Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na wako waliozaliwa humo ambao sasa ni watu wazima. Ukimdhulumu aliye chini yako, hakuna atakayekuuliza siku hiyo. Lakini mizani hugeuka, kama ilivyogeuka Wayna Daga, na ambaye leo analia mlangoni pako huenda kesho mwanao akalia mlangoni pake. Na hata isipogeuka duniani, iko siku nyingine ya mizani.

10. MASUALI YA WANAFUNZI

1. Del Wambara alikuwa mwana wa nani, na baba yake alikufaje?
2. Askari walimpinga kwa sababu gani, na ni nani waliomkimbilia mwaka 1543?
3. Taja mambo mawili ambayo Sura Muhammad imeyataja juu ya mateka. Mateka wa Badr waliojua kuandika walitoa fidia gani?
4. Minas alitekwa mwaka gani, alirudi kwao kwa njia gani, na alikuwa nani baada ya mwaka 1559?
5. Eleza kwa maneno yako: kuuawa kwa Galawdewos kuliwaletea nini watu wa Harar?
6. Ni nani aliye chini ya mkono wako nyumbani kwenu, nawe wamtendeaje? Suali hili usiliandike. Mjibu Mola wako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu kwa walio dhaifu, awarudishe kwao waliotawanywa na vita, na awape mama zao kila watoto waliopotea. Wabillahi taufiki.